Noti Iliyopigwa Pasi

Katika nchi zenye bahati, wakusanyaji huchambua sarafu. Sisi wa Kasongo hatuna sarafu za kuchambua. Kwa hiyo mimi, mwanamke mwenye shahada na mvi, hutafuta noti za faranga mia tano ambazo bado hazijapita mikononi mwa watu. Noti ya kawaida hapa imeshalala ndani ya sidiria, ikavuka mto Lualaba hadi Nyangwe na kurudi na harufu ya samaki. Noti mpya ni muujiza.

Muujiza ulinifikia pamoja na mshahara wangu wa ualimu: noti ngumu, zenye namba zinazofuatana. Zilipaswa kuwa kumi. Mkononi zilikuwa tisa. Ile inayoishia kwa saba ilikuwa imechomolewa katikati. Mlipaji alinieleza kwa upole kwamba mashine ya kuhesabia noti haikosei. Sikubisha, nani atabishana na mashine katika mji unaosubiri umeme?

Nikaziweka tisa ndani ya kamusi, nikaanza kuiwinda ya kumi. Kwa miezi minne nilinunua mafuta ya mawese nisiyoyahitaji, na kila chenji niliisoma namba kwa namba, huku wauza mboga wakinihurumia kama mtu aliyejifunza kuhesabu ukubwani.

Siku moja nikaikuta kamusi wazi. Shangazi yangu, ambaye anakaa kwangu na kuuza chumvi sokoni, alikuwa kando ya pasi ya mkaa, uso umejaa fahari. Mwenye kumletea chumvi alikuwa amezikataa noti zake zilizochakaa, naye shangazi akachukua zangu akamlipa. Fidia yangu aliitengeneza kwa ujuzi ule ule tunaotumia kuokoa dola iliyochafuka, ambayo hapa hakuna anayeipokea: alizifua noti zake tisa kwa sabuni, akazitia wanga wa muhogo, akazipiga pasi.

"Si unapenda mupya?" akaniambia. "Hizi iko mupya kushinda zile, mutoto yangu. Na zinanukia."

Nilimshukuru, kama nilivyolelewa. Kisha nikazisoma, kwa mazoea tu. Ya sita katika rundo, yenye alama za kukunjwa mara nne, iliishia kwa saba. Tarakimu zilizotangulia nilizijua kama sala.

Kwa maelezo ya shangazi, ilikuwa ndani ya mkebe wake wa mauzo, chini ya paa langu, tangu mwezi wa kwanza wa msako.

Sasa ninayo ile inayoishia kwa saba, na natafuta zile tisa. Shangazi ameahidi kunisaidia: kila Ijumaa anawasha pasi.