Rati Mbili Zilizopungua

Asubuhi za Bariadi, kwangu mimi, zilinukia mkaa na tindikali. Tulipanga chumba nyuma ya duka la sonara mwenye asili ya Kihindi tuliyemwita Babu Kanji, na mama alishonea nguo kwenye baraza lake. Babu alizaliwa hapahapa, Kisukuma alikisema vizuri kuliko watumishi wengi waliohamishiwa mjini, na mimi aliniita mayu, kama anavyoitwa mama. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba. Wakulima wa Migato na vijiji vya jirani walifurika dukani kuwanunulia binti zao hereni, naye aliwapimia dhahabu kwa vipimo alivyoachiwa na baba yake: tola, na ndani ya tola moja rati tisini na sita. Rati ilikuwa punje moja ya turituri, ile mbegu nyekundu yenye jicho jeusi tuliyoiokota vichakani. Punje zake tisini na sita alizichagua moja moja mpaka zikalingana, akazitunza kwenye kopo la bati. "Hizi si za kuchezea," alinionya. "Ndani yake mna sumu."

Nilikuwa na miaka tisa. Mchana mmoja Babu aliingia ndani kula, mama akaenda sokoni kununua uzi, nikaachiwa duka pamoja na mdogo wangu Kabula, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Kabula alilia mpaka sauti ikamkauka. Nilimbeba, nikamwimbia, wapi. Mwishowe nikalichukua lile kopo nikalitikisa kama kayamba, akanyamaza. Nikammiminia punje chache kiganjani azitazame. "Mwadila," mteja akasalimu mlangoni, nami nikageuka kumjibu. Nilipomrudia Kabula, mdomo wake ulikuwa unacheza. Nikamtia kidole mdomoni, sikukuta kitu ila mate. Nikazoa zilizoanguka sakafuni, nikarudisha kopo mahali pake.

Mama aliporudi aliona punje moja imenasa kwenye pindo la gauni la Kabula.

"Limi, hii imetoka wapi?"

"Sijui, mama. Labda ameiokota nje."

Niliogopa fimbo. Babu, aliyekuwa ametoka kula, aliichukua ile punje, akaitazama, akaliendea kopo. Akaweka jiwe la shaba la tola upande mmoja wa mizani, na upande wa pili punje zote pamoja na ile ya kwenye gauni. Upande wa punje ukabaki juu. Akazimwaga, akapima upya. Kisha akaanza kuongeza upande huo vijiwe vidogo vya rati kwa koleo, kimoja kimoja, mpaka mizani ikatulia.

"Rati mbili hazipo," alisema. Akachutama mbele yangu. "Mayu, sikugombezi. Mtoto amezila?"

Nilitazama miguu yangu. Mama alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili.

"Nilimpa mimi," nikasema. "Alikuwa analia."

Hakuna aliyenipiga. Babu aliwaacha wateja wake kwenye benchi, akasimamisha pikipiki, mama na Kabula wakapanda. Mimi nilikimbia kwa miguu nyuma yao hadi hospitali, nikafika daktari akiuliza, "Alimeza au alitafuna?" Gamba la turituri ni gumu, alieleza, ikimezwa nzima huweza kupita bila madhara, ikitafunwa inaweza kuua. Hakuna aliyejua. Wakamnywesha mkaa wa dawa, tukaambiwa tusubiri. Siku tatu mama alichambua kila nepi kwa kijiti, nami nilisimama pembeni nikimtazama Kabula usoni kila alipokunja uso. Punje ya kwanza ilitoka nzima siku ya pili. Ya pili ilitoka kesho yake, nayo nzima. Mama akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti.

Siku hizi masonara wa mjini wanapima kwa mizani ya umeme, wanasoma gramu, na tola husikika kwa akina mama wazee tu. Kabula ni mwalimu Lamadi. Alipokuja likizo nilimweleza, kwa mara ya kwanza, kwamba nilidanganya kabla ya kusema kweli. Aliacha kumenya viazi.

"Ulinyamaza muda gani?"

"Mpaka Babu alipokwisha kupima mara mbili."

Kisha akamwita mwanangu, aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia tangu asubuhi kwa sababu ya sahani iliyovunjika, akamwambia, "Njoo useme. Mama yako hatakupiga."

Mtoto akatoka nyuma ya pazia.