Matope ya Mtoni

Mjukuu wangu akiosha nduma na harufu ya matope ikijaa jikoni, mimi hucheka peke yangu. Wakati wa vita vya msituni, mimi na mama tulikuwa tukichimba nduma mtoni ndege ilipotokea upande wa mlima. Mama alinisukuma matopeni, akanilalia. Bomu likaanguka ng'ambo, udongo ukatunyeshea. Kulipotulia, alinipapasa mwili mzima.

“Umeumia?”

“Mama, wewe ni mzito!”

Tulipanda kurudi nyumbani tukiwa matope kutoka nywele hadi kucha. Baba akaja mbio akihema, akatusimamisha.

“Tafadhali, mmeona mke wangu na msichana wangu?”

“Si ndio hawa unaongea nao,” mama akamjibu.

Baba aliketi pale pale njiani, akatuvuta kifuani na matope yetu yote.