Tetemeko Lililomwangusha Inspekteri

Mwaka ule nilikuwa nafundisha jiografia darasa la tano la sekondari, Kasongo, na programu ilitaka tufundishe matetemeko makubwa yanayoanzia chini ya bahari. Bahari yenyewe hakuna aliyekuwa ameiona mle darasani, mwalimu akiwa wa kwanza. Maji makubwa tuliyoyajua ni mto unaopita Nyangwe, na hayo hayajawahi kumtikisa mtu akiwa nchi kavu.

Nilisoma kitabu changu mara tatu. Kilisema kwamba mwamba mpana uliobeba sakafu ya bahari unaingia chini ya mwamba uliobeba nchi kavu, polepole kama ukucha unavyokua. Mahali inapogusana, hunasa. Ule wa chini hauachi kusukuma, kwa hiyo ncha ya ule wa juu inavutwa na kupindwa pamoja nao, mamia ya miaka, hadi siku inaponasuka na kuruka. Nilielewa vizuri. Tatizo lilikuwa kuwaeleza vijana arobaini na saba, na prefe, mkuu wa shule yetu, alikuja kuniambia kwamba Jumanne inspekteri wa shule ataketi nyuma ya darasa langu kusikiliza.

Nikaenda kwa fundi wa pikipiki, akanikatia kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu. Fundi cherehani akanipa kipande cha shuka kilichochakaa. Aliniuliza nashona nini. Nikamwambia nachana, sishoni.

Inspekteri alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye suti ya kijivu ambayo barabara ilikuwa imeipaka rangi nyekundu hadi magotini. Alichagua benchi la mwisho. Benchi lile lilikuwa na mguu mmoja mfupi uliowekewa tofali, na sisi sote tulilijua isipokuwa yeye.

Nilianza na mpira. Niliufunga kwenye jiwe zito lililokuwa juu ya meza, nikavuta taratibu. Mpira ukarefuka, jiwe likakaa. Nikavuta tena, jiwe likakaa bado. Halafu likaruka ghafla, likapita ukingo wa meza na kuanguka karibu na kiatu changu. Niliwaambia hilo ndilo tetemeko: nguvu za miaka mingi zinatoka kwa mara moja. Kisha nikashika shuka, nikaanza kuichana pembeni. Nilitaka waone kwamba mwamba haunasuki wote kwa wakati mmoja. Unaanza mahali pamoja, na mpasuko unakimbia kufuata mstari, kilomita mamia, kwa mwendo ambao hakuna ndege ya abiria inayoufikia. Kwa sababu mstari ni mrefu, ardhi hutikisika dakika nzima, hata dakika kadhaa.

Inspekteri aliandika. Nikapata moyo, na hapo ndipo nilipokosea.

Nilipanga wanafunzi kumi mstari mmoja, kutoka ubaoni hadi nyuma, kila mmoja mikono mabegani mwa mwenzake. Nikawaeleza kwamba wimbi la kwanza ni la kusukuma, linafika haraka na halina ubaya mwingi. La pili linatikisa upande kwa upande, linachelewa, na ndilo linalovunja. Nikasema pia kwamba mji uliojengwa juu ya udongo laini hutikisika vibaya kuliko uliojengwa juu ya mwamba. Inspekteri akainua kalamu, akauliza kwa adabu mji uko wapi katika mfano wangu. Sikuwa nimeufikiria. Akasema basi yeye atakuwa mji, na msichana wa mwisho kwenye mstari ashike benchi lake.

Wimbi la kwanza lilimfikia, akatikisa kichwa kuridhika. La pili lilikwenda kama nyoka. Wale wa katikati waliongeza nguvu kwa kutaka kumfurahisha mgeni. Tofali likatoka, benchi likalala, na inspekteri akashuka nalo hadi sakafuni, daftari mkononi.

Hakuna aliyecheka. Prefe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alifumba macho. Inspekteri, akiwa bado amekaa chini, akaniuliza:

"Na tetemeko kubwa kabisa linadumu dakika ngapi?"

"Nne, tano, inspekteri. Kuna yanayopita hapo."

Akaandika hapohapo sakafuni, ndipo akakubali kuinuliwa.

Siku hiyohiyo aliondoka kwenda Kabambare kwa pikipiki. Baadaye nilisikia kwamba hakuweza kukaa, alisimama juu ya vikanyagio karibu safari yote. Kila waliposimama kunywa maji watu waliuliza ana nini, na dereva, mtu wa maneno machache, alijibu kwamba ni tetemeko la Kasongo. Walipofika Kabambare shule yetu ilikuwa imeshaanguka. Habari zilipofika Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, nusu ya mji wetu ilikuwa imekwisha.

Salamabila ndiko yaya wangu, dada yangu mkubwa, anakouza chakula kwa wachimbaji. Wiki ile mtandao wa simu ulikuwa umekatika Kasongo. Alinipigia hadi akachoka, kisha akapanda pikipiki.

Jumapili baada ya sala ya alasiri nilikuwa uani nakula bugali kwa sombe ya majani ya muhogo. Pikipiki ikaingia ikiwa na nusu gunia la mchele, turubai, sufuria mbili, na juu ya vyote yaya wangu, tope hadi kwenye nyusi. Alishuka, akaitazama nyumba, akanitazama mimi.

"Iliyoanguka iko wapi?"

"Hakuna iliyoanguka, yaya. Ni inspekteri ndiye alianguka."

Alikaa kwenye gunia lake akalia, kisha akanikasirikia kwa sababu nilikuwa mzima. Siku tatu njiani, mara mbili wamezama matopeni, na amebeba kitambaa cheupe ambacho hakutaka kuniambia ni cha nini, nami sikuuliza. Nilimpa maji ya kuoga, nikampakulia, nikamsimulia yote tangu mpira. Alicheka nilipofika kwenye benchi, halafu akauliza kama kitu kile kinaweza kutufika.

Nilimwambia cha namna ile hapana, maana hapa hakuna sakafu ya bahari inayoingia chini yetu. Yale tunayoyasikia mara mojamoja yanatoka upande wa ziwa Tanganyika, ambako nchi inavutwa pande mbili. Nayo huvunja kuta, lakini hayafikii ukubwa ule.

"Basi kule wanakandamizwa, sisi tunapasuliwa."

Katika miaka yangu ya kufundisha sijapata jibu fupi kama hilo. Akauliza watu wa pwani wanaijua siku. Nikasema hawaijui. Wanachojua ni kwamba ardhi ikitikisika muda mrefu, bahari nayo imeinuliwa na inakuja, kwa hiyo wasingoje kuambiwa, wakimbilie mlimani.

"Wakimbie?"

"Wakimbie, yaya."

Akajishika magoti, akasema yeye atabaki huku kwetu Maniema.

Alikaa siku nane. Majirani walipokuja kumsalimu aliwaeleza tetemeko yeye mwenyewe, akimshika jirani kiunoni na kumsukuma ili aonyeshe kunasa. Mara ya kwanza nilimsahihisha kidogo. Mara ya pili nikaenda kuosha vyombo, kwa sababu walikuwa wanaelewa.