Kiatu Kisichovulika

Kuna watu wanaopenda redio, kuna wanaopenda paka, na kuna mimi ninayependa viatu. Si viatu vya ofisini; hivyo nilivivaa miaka yote ya kazi yangu bandarini na vikanilipa kwa sugu. Nasema raba, viatu vya mazoezi vya siku hizi, ambavyo kila mwaka vinatoka na jambo jipya, na jambo jipya lenyewe linakuja na maelezo marefu kuliko kiatu. Binti wa dada yangu anauza viatu vya michezo katika duka moja Muscat. Tangu nistaafu ameamua kuwa miguu ya mjomba wake ndiyo mahali pa kumalizia vile ambavyo wateja wa huko hawakuvitaka. Sijakataa hata jozi moja.

Jozi ya kwanza ilikuwa na soli ya sponji, nene na nyepesi kama mkate wa boflo wa asubuhi. Niliporefuka ghafla, mke wangu aliniuliza kama nimesimama juu ya kitu. Ya pili ilikuwa na bamba la kaboni ndani ya soli, la kumrusha mkimbiaji mbele. Mimi sikimbii, kwa hiyo likawa linanirusha mbele kuelekea kwenye kahawa. Ya tatu ilikuwa na nafasi ya kila kidole mbali mbali. Hiyo niliivaa mara moja tu, watoto wa mtaani wakanisindikiza mpaka Mkunazini wakiniita kima wa msitu wa Jozani.

Mtu mmoja hakutishika na maendeleo haya hata kidogo, naye ni rafiki yangu. Tulisoma pamoja tangu chuo cha Kurani kwa maalim, kisha yeye akawa mwalimu wa jiografia na mimi karani wa bandari, na tulipostaafu tukarudi kuwa watoto. Yeye alikaa Ng'ambo, mimi Mji Mkongwe. Kila siku baada ya swala ya alfajiri tulikutana Mnazi Mmoja, tukapita Vuga, tukashuka Shangani, tukafuata Forodhani hadi kuzunguka na kutokea Darajani. Hapo tulikaa tukanywa kahawa na kula kashata, tukairudisha mwilini sukari yote tuliyoichoma kwa kutembea.

Na matembezi hayo yote aliyafanya kwa ndara za mpira. Gidamu ya mguu mmoja ilikuwa ya buluu, ya mguu wa pili ya kijani, kwa sababu iliyokatika aliibadilisha kwa iliyopatikana. Alikuwa na nadharia yake kwamba mguu unapumua, na kuufungia ndani ya kiatu ni kuunyima haki. Nadharia hiyo haikuwa na msingi wowote, nami nilimwambia hivyo mara nyingi nikiwa na simu mkononi na ushahidi kwenye simu.

"Yakhe, hizo zako zitakuvunja kisigino," nilimwambia. "Wataalamu washasema, kisigino kinataka mto."

"Kisigino changu hakijalala. Kinataka mto wa nini?"

Viatu vyangu havikuwa na sauti. Hilo nalo liliandikwa kwenye boksi kama sifa. Kwa hiyo asubuhi zote zile, katika vichochoro ambavyo hata paka akikohoa unamsikia, sauti ilikuwa moja: kwapu, kwapu, kwapu, ndara zake nyuma yangu kidogo. Alikuwa mzito wa mwendo, na mimi nilikuwa na kaboni. Sikuwa na haja ya kugeuka kumtazama. Sauti ikianza kufifia nilipunguza mwendo, ikisogea niliendelea.

"Unatembea kama mwizi," alinilalamikia. "Watu madirishani wananisikia mimi tu. Watasema mwalimu kesharukwa na akili, anazungumza na kuta."

Siku moja tulikuwa tumetoka kumzika mwenzetu wa darasani. Mmoja wa waliomshusha kaburini alikuwa na haraka kama anashusha gunia, na jambo hilo lilimkera rafiki yangu mpaka tukafika nyumbani kwake.

"Mimi nikitangulia," akasema, "watakaoshuka kunipokea ni wewe na wanangu wawili. Nshawaambia."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu utanilaza taratibu. Lakini hayo magari yako uyavue kwanza. Sitaki mtu anishukie na kaboni."

Nikacheka, nikampa mkono kuwa nimekubali. Kwa watu wa umri wetu mazungumzo ya namna hiyo ni ya kawaida, kama wengine wanavyozungumzia mpira.

Kisha kikaja kiatu chenyewe. Hicho kilikuwa cha maji na nchi kavu. Soli ilikuwa na meno ya kung'ang'ania jiwe bichi, na pembeni palikuwa na matundu, maji yaingie huku yatokee kule. Kamba hakina. Juu ya ulimi wake kuna kidude cha mviringo kama kizibo cha chupa. Ukikizungusha, waya mwembamba wa chuma unakaza mguu mzima. Ukikivuta juu, waya wote unalegea, nawe unatoa mguu kama mfalme. Waya ule, kwa mujibu wa boksi, haukatiki. Binti yetu akapiga simu kutoka Muscat.

"Mjomba, nenda ufukweni ukapige video fupi. Dukani watapenda kumuona mzee wa Zanzibar anavijaribu."

Nilijifanya nafikiri kidogo. Jioni ile ile nilikwenda kwa kinyozi.

Tulipanga twende Kiwengwa, rafiki yangu ashike simu na mimi niwe nyota. Asubuhi ya safari hakutokea Mnazi Mmoja. Akanipigia.

"Leo nenda peke yako, yakhe. Kifua kinanibana kidogo, nnataka kulala."

"Nikuletee nini?"

"Niletee habari za samaki. Nnataka kujua kama wamevipenda viatu."

Nikaenda peke yangu. Maji yalikuwa yametoka, na akina mama wa mwani walikuwa mashambani mwao mbali kwenye maji ya magotini. Mmoja aliyekuwa akirejea na mzigo wake, amevaa raba zilizotoboka na soksi mbili mbili, alikubali kunishikia simu. Niliingia majini, nikapanda mwamba, nikainua mguu kuonyesha soli. Maji yakaruka kutoka kwenye matundu kama ilivyoandikwa. Nilifurahi, siwezi kuficha. Nilirudia mara kadhaa, mtu mzima na mvi zangu, na yule mama alicheka mpaka simu ikatetemeka. Baadaye niligundua kuwa sehemu kubwa ya video ile ni kidole gumba chake.

Alikuwa bado anacheka simu ilipolia mkononi mwake. Akanipa. Alikuwa mtoto mkubwa wa rafiki yangu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba."

"Ami, baba katangulia. Kalala baada ya chai, hakuamka. Maziko baada ya adhuhuri. Mwenyewe kaacha kauli kuwa wewe utashuka na sisi."

"Nnakuja," nilisema. "Mwambieni nnakuja." Sijui nilitaka wamwambie nani.

Nilipata nafasi kwenye gari ya mboga iliyokuwa ikirudi mjini kutoka hotelini. Nilikaa mbele na dereva, nikainama kulegeza viatu. Nilivuta kidude cha kulia. Kikakoroma, kisha kikanyamaza. Nikavuta cha kushoto, hicho hata kukoroma hakikukoroma. Mchanga wa Kiwengwa ni laini kama unga wa ngano, na yale matundu ya kutolea maji yalikuwa yameukaribisha kwa heshima zote. Maji yalitoka, mchanga ukabaki. Ulikuwa umejaa ndani ya vidude vyote viwili, chumvi ikakauka juu yake, na kiatu kimenikaza kama nadaiwa. Nilivuta, nikazungusha, nikapuliza. Nilikuwa nalia, na sikuacha kuzungusha. Dereva aliniona akadhani nalilia viatu, akaniambia vitapatikana vingine.

Tulipofika msikitini kwao, swala ya adhuhuri ilikuwa imekwisha na watu wanajipanga kumswalia maiti. Mlangoni palikuwa na viatu vya mtaa mzima, na mimi nimesimama mbele yake na vyangu miguuni. Nadhani waliobuni kiatu kile walifikiria kila kitu: mto, mwamba, tope, hata theluji. Hawakufikiria mlango. Haikuwapitikia kwamba kuna watu duniani ambao kutwa nzima ni kuvua na kuvaa, msikitini, kwako, kwa jirani, kwa mgonjwa, na kwamba sifa ya kwanza ya kiatu kwa watu hao ni kukubali kutoka.

Mzee mmoja alinong'ona kuwa kiatu kikiwa safi yafaa kuswali nacho. Changu kilikuwa na tope na kipande cha mwani. Nikamswalia rafiki yangu nikiwa barazani, nje ya mlango, pamoja na waliochelewa.

Tulipokezana jeneza mpaka kwenye gari, na hapo sitasema uongo, nilikwenda vizuri mno. Soli ilishika, mguu haukuteleza, na mwendo wa jeneza ni wa haraka. Kama yule binti angetaka video, ile ndiyo ilikuwa yake.

Makaburini wanawe wawili walishuka. Mkubwa akanyoosha mkono juu. "Ami, shuka."

Nilikaa chini kwenye udongo nikavuta vile vidude kwa nguvu zangu zote. Watu waliokuwa karibu wakainama kunisaidia, kila mmoja na ushauri wake. Kikaletwa kisu, waya haukusikia. Likaletwa koleo la kukatia waya kutoka garini, likaparaza tu. Boksi lilisema kweli, waya ule haukatiki. Imamu akakohoa. Jamaa mmoja, ambaye nadhani alikuwa akisubiri nafasi tangu msikitini, alianza kukunja suruali.

"Wacha nishuke mimi," akasema. "Mzee apumzike."

"Hapana!" Nilisema kwa sauti ambayo haifai makaburini. Wote wakanitazama. "Nimemuahidi mimi."

Mtu mwingine akaniambia nishuke hivyo hivyo, udongo ni udongo. Pengine alikuwa na haki. Lakini nilikuwa nimepeana mkono na mtu kuwa sitamshukia na viatu, na mtu huyo sasa hakuwa na uwezo wa kunisamehe. Nikachukua kisu mwenyewe, nikauacha waya, nikakata kitambaa cha kiatu. Kitambaa kile ni cha kisasa, chepesi, kinapitisha hewa. Kilichanika kama karatasi ya maandazi. Nikavipasua vyote viwili kutoka mdomoni hadi kidoleni, nikatoa miguu, nikashuka.

Chini kulikuwa na ubaridi. Mtoto mkubwa alipokea kichwa, mdogo akapokea kiuno, mimi nikapewa miguu. Nilimlaza taratibu kama alivyotaka. Miguu yake ilikuwa midogo kuliko nilivyodhani, na mizito. Niliishika kupitia sanda kwa muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika, na hakuna aliyeniharakisha.

Baada ya dua tulirudi nyumbani kwao. Nilitembea peku kwenye miiba ya makaburini na kokoto za Ng'ambo, na kila mtu aliniuliza viatu viko wapi. Nikiwa nimekaa barazani, binti yetu akapiga simu kutoka Muscat. Alinipa pole, akalia kidogo, kwa kuwa alimjua. Kisha, kwa sababu kazi ni kazi, akauliza viatu vilikwendaje. Nikamweleza.

"Eh, mjomba, hilo wanalijua," akasema. "Washatoa toleo jipya, lina kifuniko cha kuzuia mchanga. Nikutumie?"

Nikamwambia tutazungumza.

Nilipoinuka kuaga, mtoto mkubwa alitoka ndani na kitu mkononi. Gidamu ya buluu, gidamu ya kijani.

"Mama kasema usende peku."

"Hapana, mwanangu. Hizo ziacheni."

"Kasema uvae, ami. Kasema mwenyewe angecheka."

Mama yao alikuwa ndani, ameshaanza eda yake, na mjane wa siku ya kwanza huwezi kubishana naye kupitia mlangoni. Nikazivaa. Visigino vilikuwa vimelika upande mmoja, upande wa nje, kwa hiyo mguu ulikaa mahali ambapo si pangu. Mto hazikuwa nao, wala bamba. Nilivuka Darajani magharibi inaingia, nikaingia kwenye vichochoro vyetu nikiwa nimechoka na sifikirii kitu.

Nikasikia kwapu, kwapu, kwapu, karibu yangu, kama kila siku. Baadaye kidogo nikaona kama inafifia. Nikapunguza mwendo ili anifikie, nayo ikapungua. Nikasimama kabisa kumngoja, na kichochoro kikawa kimya.