Abiria Yuleyule

Jumamosi. Asubuhi ukungu na manyunyu.

Leo dereva wangu wa bodaboda amenikana mbele ya watu.

Alinitoa Kihonda hadi Mkuyuni kwenye posa ya mpwa wangu, akanisubiri. Jioni ndiyo kwanza naifikia pikipiki yake, mwenyekiti wa kijiwe cha pale akatuzuia. Vijiwe vyao vimekubaliana hivi: boda wa Kihonda hapakii abiria Mkuyuni, labda amrudishe yuleyule aliyemleta.

"Ndiye huyu?"

Dereva akanitazama. Asubuhi nilikuwa na koti la mvua na kofia ya sufu. Sasa nina kilemba, na wanja niliopakwa na mawifi.

"Hapana, mwenyekiti. Niliyemleta ni bibi."

Bibi. Mimi, wa miaka arobaini.

Mvua hiyo inakuja, na magari ya mjini yameisha. Nikapanda hivyohivyo, nikamshika bega.

"Baba, kwenye kona polepole. Nina watoto."

Akashtuka. "Ndiye! Kaniimbia hivyo njia nzima."

Kijiwe kizima kikacheka. Tukaachiwa.

Nikamwimbia tena mpaka Kihonda. Sasa niambieni ukweli: koti lile nilitupe?

Nalala saa nne na nusu. Wanja nimeuacha machoni.