Nafasi Moja ya Wasichana

Mbuke ana akili, asikudanganye mtu. Darasa la saba alifeli kwa makusudi. Baba yake alimwambia ajaze ovyo kwenye mtihani, maana mchumba alishapatikana na ng'ombe walishaonwa, naye akajaza ovyo. Aliokuwa akiwafundisha hesabu leo ni manesi. Yeye ana miaka kumi na mitano ya kuosha mchanga wa dhahabu mialoni kule Mwakitolyo, mgongo umekwisha, na ndoa yenyewe ilishamshinda. Kwa hiyo binti yake Asteria alipofika darasa la saba, Mbuke alikuwa na neno moja tu: huyu atasoma.

Na njia ikaonekana. Halmashauri ilikuwa inafungua sekondari ya bweni ya wasichana wenye vipaji, yenye maabara na vitabu vya kutosha. Kila shule ya msingi ingetoa msichana mmoja, yule anayeongoza, mradi awe amekaa kijijini miaka miwili.

Sasa aliyeongoza, jamani, hakuwa Asteria. Alikuwa Blessing, kwa alama tatu tu. Blessing ni binti wa Boaz, mnunuzi wa dhahabu aliyefiwa na mke, leo yuko Isaka, kesho Nyarugusu. Miaka miwili na ushee iliyopita alimtoa mtoto shule ya kulipia mjini, akamwomba Mbuke, waliyefahamiana naye mwaloni, amlelee. Watu wakasema Boaz alishapata tetesi za hiyo shule, akaona huku kijijini ushindani ni mdogo. Ukimuuliza mwenyewe, anacheka tu.

Kamati ya shule ikaita mkutano wa wazazi, na darasa likafurika mpaka madirishani.

"Huyu kanyweshwa Kiingereza tangu chekechea," alisema Apolonia, jirani yake Mbuke. "Leo apimwe na watoto wetu waliobanana wanne dawati moja? Hiyo ni haki ya wapi?"

Mwalimu mkuu akasema mtihani ulikuwa mmoja kwa wote. Mzee mmoja wa nyuma akaongeza kwamba nusu ya waliokuwa mle ndani nao walikuja kufuata dhahabu, sasa mwenyeji ni nani. Akazomewa, akakaa.

Ndipo Ngusa, mwenyekiti wa kamati, akageukia upande wa Mbuke. "Tusigombane bure. Fomu inauliza makazi. Mama Asteria, huyu mtoto anakaa kwako, au anakujaga tu?"

Mbuke akasimama. Blessing na Asteria walikuwa dirishani, wamesimama pamoja. Aliwaona wote wawili, akalisema hivyo hivyo.

"Anakujaga tu, halafu anaondoka."

Watu walipiga makofi. Jina la Blessing likakatwa palepale, likaandikwa la Asteria, na Apolonia akamkumbatia Mbuke kwa furaha. Mbuke naye alitaka kufurahi. Alikuwa ameingoja siku hiyo tangu alipomshika binti yake mikononi mara ya kwanza, lakini alipotazama dirishani, wale wasichana walikuwa wameshaondoka.

Alitembea polepole makusudi ili apate la kusema. Nyumbani alimkuta Asteria amelala kaugeukia ukuta, hataki kuongeleshwa. Kwenye kitanda hicho hicho, wanacholalia wawili, begi la Blessing lilikuwa wazi, nguo zimekunjwa vizuri. Mwenyewe hayupo.

Baadaye akamsikia mlangoni. Blessing alikuwa na ndoo ya maji kichwani. Alikuwa ametoka nayo kisimani, akapita katikati ya wale wale waliopiga makofi.

"Mama, naomba unitue."

Mbuke akaishika ndoo. "Ulienda kuteka maji? Leo?"

"Asteria aliteka jana. Leo zamu yangu."

Hakuongeza lawama, wala hakulia. Afadhali angelia. Mbuke akaitua ndoo kwa pupa, maji yakammwagikia kifuani.

Hakubadilisha nguo. Alikwenda mbio mpaka kwa Ngusa, akamkuta anafunga bahasha ya fomu nyuma ya pikipiki, tayari kwenda halmashauri.

"Mwenyekiti, nilidanganya. Mtoto anakaa kwangu."

Ngusa akaiacha kamba. Alimtazama kwa huruma, maana naye ana mabinti.

"Na Asteria je?"

Mbuke akaichomoa ile bahasha kwenye kamba, akampa.

"Asteria ni wa pili," alisema Mbuke. "Andika hivyo."