Kitambaa Nilichomdarizia Fundi wa Kivuko

Aibu hii niliishona kwa mikono yangu mwenyewe na bado nina hasira nayo, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke sasa amalize, halafu anisikilize.

Kivuko chetu kilikuwa kinazimika katikati ya ziwa, kikipoa kinawaka, siku nyingine kinazimika tena, siku moja tulikaa juani na mjamzito analia, na wakubwa ukiwauliza wanasema tatizo halijulikani. Watu wazima wenye mishahara! Mimi nauza vitunguu gatini, shule niliishia darasa la pili, lakini macho ninayo. Nikachukua kitambaa cheupe cha kochi nikawa nadarizi, kila siku mshono mmoja, kijani kikivuka salama, nyekundu kikizimika, kila wiki mstari wake, Jumatatu chini ya Jumatatu, Jumanne chini ya Jumanne. Baada ya miezi miwili nikakitandaza kitandani, nikashika kiuno. Wekundu wote umesimama nguzo mbili, Jumanne na Ijumaa.

Na hizo ni zamu za nani? Za fundi Magesa, baba wa watoto watano (mpole, na ndiyo maana nilimshuku, mtu asiyesema mimi simwelewi).

Ningemwuliza kwanza, pembeni. Sikumwuliza. Jumanne moja meneja aliitisha mkutano wa abiria pale gatini, nikaenda na kitambaa, nikakifungua mbele ya umati, nikamnyooshea Magesa kidole.

"Huyu ndiye anayetuulia kivuko. Mfukuzeni."

Watu wakapiga makofi, meneja akamwambia Magesa arudishe funguo, akazipokea, na mimi (Mungu anisamehe) nikajiona nina akili kuliko wote.

Magesa hakubishana. Aliomba tu kulifungua bomba linalovuta maji ya kupozea injini, jambo aliloomba siku zote akakataliwa, eti kivuko kisisimame hata nusu siku. Safari hii umati ulikuwa unatazama, meneja akashindwa kukataa. Magesa akaingiza koleo, akavuta uzi mwekundu wa plastiki, ukafuata mwingine, likatoka fungu zima. Akaja nalo mpaka nilipo.

"Shikamoo mama," akasema, na hiyo adabu ndiyo iliyonimaliza. "Ile mifuko ya wavu ya vitunguu huwa unaitupa wapi?"

Kila mtu pale anajua lori langu la kutoka Igoma linashusha Jumanne na Ijumaa, namimina vitunguu kwenye beseni, mifuko iliyochanika naitupa majini, miaka yote (ziwa kubwa lile, nilidhani linameza). Muuza maji mmoja akasema, "Bibi, kumbe umejidarizi mwenyewe," wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Sikucheka. Nilimpokonya meneja zile funguo, maana alikuwa tayari kumnyima mtu mkate kwa sababu ya kitambaa cha kochi kuliko kufungua bomba, nikapiga magoti haya mabovu mbele ya Magesa, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Aliniinua, akarudi kwenye injini yake.

Mishono yangu ilisema kweli tupu, mimi ndiye niliyeisoma kwa kiburi. Basi nimeapa, sitamtaja mtu hadharani kabla sijamwuliza yeye mwenyewe, tukiwa wawili, tena nikiwa nimeshajiuliza mimi.